Matanga ya Mtu Asiye na Kwao

Watu wapweke wana ujinga wao mmoja ambao hawapendi utajwe. Ukiwapa nafasi ya kuwa mtu yeyote wamtakaye, watachagua kuwa wapweke tena, ila safari hii wakiwa na upanga. Kiarie alifanya hivyohivyo, na asije akakwambia kwamba hakuonywa.

Alikuwa amehamia Bungoma kutoka Kitale, kuuza katika duka la dawa za mifugo karibu na soko. Kazi aliijua. Dawa ya kupe, chanjo ya vifaranga, dawa ya minyoo ya ng'ombe, zote zilikuwa kichwani, na wakulima walimpenda kwa sababu hakuwauzia wasichohitaji. Lakini duka likifungwa, hakuna aliyejua Kiarie anaelekea wapi. Alikuwa na chumba cha kupanga, jiko la gesi na redio. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Watu wa Bungoma hutoka kanisani wakiwa familia nzima, watoto wameshikwa mikono, wanakwenda kula kuku. Yeye alikuwa akirudi chumbani kufua soksi ambazo hazikuwa chafu.

Mama yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Ndiye pekee aliyekuwa naye. Walikuwa wakiishi Matisi, kule Kitale, katika nyumba ya kupanga yenye mlango wa bati la kijani, na mama akauza mboga kibarazani mpaka miguu ikakataa. Alipomzika, Kiarie alirudisha ufunguo kwa mwenye nyumba akaondoka. Na hapo ndipo lilipokuwa donda lake. Tangu utotoni watu wamemuuliza, "Kwenu ni wapi?" Akijibu Kitale, wanatikisa kichwa: "Hapana, kwenu kabisa?" Wanataka aseme Nyeri au Murang'a, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, kwa kuwa jina lake linatoka upande huo. Amekulia kwenye baridi ya Trans-Nzoia, kaunti ya Kitale, amepalilia mahindi ya Trans-Nzoia, mama yake amelala kwenye udongo wa Trans-Nzoia, lakini kila akitaja jina lake anatafutiwa kwao pengine. Mwisho akachoka. Akiulizwa, anasema tu, "Huko juu," na kugeuza mazungumzo.

Halafu malaria ikamlaza. Alilala chumbani siku kadhaa, maji yakamwishia, akawa anasikia majirani wakipita nje wakicheka. Hakuna aliyegonga mlango. Simu ililia mara moja. Alikuwa mwenye duka, akiuliza ufunguo wa friji ya chanjo uko wapi. Alipoambiwa uko nyuma ya kalenda, akasema asante na kukata. Kiarie alipona, kwa vile mwili wake ni wa mtu aliyezoea kujikaza, lakini hofu haikumtoka. Alikuwa amelala pale akijiuliza, nikifa humu, harufu ndiyo itakayowaambia. Tangu hapo alikuwa anataka kitu kimoja tu maishani, mtu mmoja wa kushtuka asipomwona. Hakumwambia yeyote. Angemwambia nani?

Basi siku moja akaja mteja anayeitwa Chepngeno, dada wa Mlima Elgon anayefundisha ufugaji wa kuku kule Mabanga. Alipofungua mkoba kutoa orodha ya chanjo, dadu ikaanguka kwenye kaunta, ikabingirika. Haikuwa dadu ya kawaida ya ludo. Ilikuwa na pande ishirini, na kila upande una nambari yake.

"Hii ni ya nini?" Kiarie akauliza, akiigeuza mkononi.

"Mchezo," Chepngeno akasema. "Tunacheza Jumapili mchana, pale kwa Nasambu fundi wa nguo. Hakuna ubao kama wa drafti. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mtu wake kwa hiyo hadithi, anasema anafanya nini. Kama haijulikani itaenda aje, unarusha hiyo dadu. Nambari ndogo inakataa. Kuja uone. Mtu mmoja alihamia Nairobi, kiti iko wazi."

Kiti kiko wazi! Kiarie hakulala vizuri wiki hiyo. Jumapili alivaa shati la kitenge, akafika mapema mno, akazunguka soko tupu mpaka muda ukafika, asionekane mwenye njaa ya watu.

Duka la Nasambu lilikuwa na meza kubwa ya kukatia nguo. Siku za kazi ilijaa vitambaa vya sare za shule. Jumapili aliifuta, akachora juu yake kwa chaki ya fundi: mto, msitu, pango, mji wenye ukuta. Kila mchezaji alikuwa na kifungo cha nguo kilichomwakilisha kwenye ramani hiyo. Nasambu mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, Mbukusu mwenye sauti nzito, tepu ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Yeye ndiye mwenye meza, yaani msimulizi. Wengine walikuwa Chepngeno na Wangila, fundi wa magari ambaye mafuta hayakutoka kwenye kucha zake hata kwa ajili ya kanisa.

"Kalibu, Kialie," Wangila akasema, kwa ile L yake ya nyumbani. "Kaa hapo. Hiyo kiti haina mguu mmoja vizuri, lakini utazoea."

Nasambu akampa mgeni mawaidha yake kama anavyowapa wageni wote, huku akinoa chaki kwa wembe.

"Hapa hakuna kushinda. Usitafute kushinda. Sheria nazo usiziogope, tutakuambia ikifika mahali pake. Wewe niambie tu mtu wako anafanya nini. Usichukue mchawi mara ya kwanza, mchawi ako na mambo mengi ya kukumbuka. Chukua mtu wa upanga. Ukirusha dadu ikakataa, imekataa, hakuna wa kukucheka. Wangila atakucheka, lakini huyo hucheka hata matangani. Na usikae ukingoja zamu yako kama mtu ako kwa foleni ya benki. Sikiliza wenzako wanafanya nini, ndio zamu ikifika ujue umesimama wapi."

Kiarie akaitikia kila neno. Ilikuwa raha kuelekezwa na mtu anayemtazama usoni.

"Sasa," Nasambu akaendelea. "Mtu wako anaitwa nani?"

"Mkimya."

"Anatoka wapi?"

Swali lilelile! Kiarie akahisi uso unawaka. Hata huku, kwenye nchi ya chaki, mtu hapumziki. "Hakuna," akasema. "Hatoki popote. Ni mtu wa kutembea peke yake."

"Ako na nani?"

"Hana mtu. Hamhitaji mtu."

Wangila na Chepngeno wakatazamana. Nasambu akaweka wembe chini.

"Kila mgeni huja na huyu," akasema taratibu, bila dharau. "Amevaa kofia ya kufunika uso, ameegemea ukuta, hasemi na watu. Si ndiyo?"

Ndiyo hasa. Kiarie alikuwa amempangia hata koti.

"Nikuambie kitu kaka yangu. Huyo mtu ni mgumu kucheza. Watu wote wakiamua kwenda, yeye hana sababu ya kwenda na wao. Wakirudi, hana sababu ya kurudi. Mpe hata shangazi. Mpe hata deni la chumvi kwa jirani. Mimi huwa nauliza swali moja: huyu mtu asipoonekana, nani atamtafuta?"

"Hakuna," Kiarie akasema tena, na safari hii sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

Nasambu hakubishana naye. Alimsogezea kopo la vifungo achague chake. Kiarie akachagua cheusi, kidogo, cha shati, ambacho ukikiangusha hukioni.

Ninamlaumu, na wakati huohuo namwelewa. Angesema nini mbele ya watu asiowajua? Kwamba alikuja hapo kwa sababu anaogopa kuoza chumbani? Mwanamume mzima? Heri upanga na kofia. Mkimya angalau alikuwa peke yake kwa kupenda.

Akacheza Jumapili kadhaa. Wenzake wakila njugu na kubishana kama wamsaidie mjane aliyeibiwa mbuzi na majitu, Mkimya alikuwa amesimama mlangoni. Wakiwasha moto msituni, Mkimya alilala mbali. Chepngeno, ambaye mtu wake alikuwa mganga wa mitishamba, akimpa uji, Mkimya alikataa. Kiarie alirudi nyumbani kila mara akijilaumu, kwani yeye mwenyewe aliutamani ule uji wa maneno matupu. Lakini Jumapili ikifika anakaa kwenye kiti chake kibovu na mdomo unasema vilevile. Hata Wangila alipotoa simu kumuingiza kwenye kikundi chao cha WhatsApp, Kiarie alisema, "Nitawapa namba baadaye." Hakutaka waone jinsi alivyokuwa akiisubiri hiyo nafasi. Mtu ana njaa, anaambiwa karibu chakula, anajibu ameshiba!

Ndipo wakafika pangoni. Nasambu alisimulia giza, maji yanayodondoka, na kitu kinachopumua ndani.

"Tungojeane," akasema Wangila. "Taa ni moja."

"Mkimya anatangulia," Kiarie akasema.

"Peke yake? Bana, ngoja taa!"

"Anatangulia."

Nasambu akasukuma kifungo cheusi mbele, mbali na vingine, mpaka mwisho wa chaki. Akamwomba arushe dadu. Ikaangukia moja. Akamwomba arushe tena, aone kama atashika ukingo. Ikatoka mbili.

"Chini kulikuwa na shimo la maji," Nasambu akasema. "Mkimya ameingia. Maji yamefunga juu yake."

"Namtupia kamba!" Chepngeno akasema.

"Hujui ameanguka. Hakuita. Nyinyi mko nyuma, mnaona tu giza."

Kiarie akacheka kidogo, kuonyesha kwamba ni mchezo tu. "Sawa. Sasa natengeneza mwingine?"

"Bado," Nasambu akasema. "Kwa hii meza hatuzikani kama kuku. Tunakaa matanga kwanza."

Huo ulikuwa utaratibu wao. Mezani kwingine mchezaji akifiwa na mtu wake huandika mwingine palepale, lakini Nasambu amelelewa pale ambapo hakuna maiti anayeondoka bila kusemewa. Walisimamisha mchezo, wakamimina chai, na kila aliyemjua marehemu akatakiwa asimame na kusema neno. Kisha mwenye marehemu anatoa historia yake: alizaliwa wapi, mwana wa nani, ameacha nani. Ukutani kulikuwa na kitambaa cheupe chenye vifungo vilivyoshonwa, wafu wote wa meza hiyo, na Wangila angeweza kukusimulia kila kimoja mpaka machozi yamtoke kwa kicheko.

Wangila akasimama wa kwanza. Akavua kofia. "Malehemu Mkimya," akaanza, "alikuwa..." Akasita. "Alikuwa mlefu?" Akamtazama Kiarie. "Alikuwa mtu wa upanga," akamalizia, na kukaa. Hakucheka.

Chepngeno akasimama. "Mimi nilimpa uji akakataa," akasema. "Nakumbuka mgongo wake. Alikuwa anatembea mbele yetu kila siku. Uso sikuuona." Naye akakaa.

"Historia ya marehemu," Nasambu akasema kwa upole.

Kiarie akainuka. Aliwahi kusimama hivyo mara moja, kwenye makaburi ya umma kule Kitale, na watu wachache wa kanisa la mama yake. Akafungua mdomo. Mzaliwa wa, hakuna. Mwana wa, hakuna. Ameacha, hakuna. Akamhuzunikia mtu ambaye hakuwahi kuwako, na hilo lilimtia aibu kuliko yote. Akasema, "Sina la kuongeza," akaketi.

Nasambu alitunga uzi, akashona kifungo cheusi pembeni mwa kitambaa. Kisha akamwambia aanze mtu mpya, wamalizie wiki ijayo. Kiarie akasema mpya ataitwa Kagwe, jina la babu yake mzaa mama, akachagua kifungo cha kahawia cha koti. Alipoulizwa anatoka wapi, akasema atafikiria. Chepngeno akamwazima ile dadu ya pande ishirini aende ajizoeze. Akaaga haraka.

Jumapili iliyofuata hakwenda.

Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na shughuli. Alikaa kitandani, simu juu ya goti, akiwajaribu. Waache waone kiti kitupu. Kama kuna mtu, atapiga. Adhuhuri ikapita. Mvua ya Bungoma ikanyesha ile ya kupasua mabati, ikakatika. Ujumbe ukaingia, akaurukia, kumbe ni kampuni ya simu inampa pole kwa kuishiwa na data. Jioni ilipofika akajiambia, umeona? Akajiambia hivyo kwa ushindi, kama mtu aliyeshinda kesi dhidi yake mwenyewe. Kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye namba yake, hilo lilimjia baadaye, anapika ugali, na akalifukuza.

Kesho yake mwenye duka akamtuma Lwakhakha, mpakani na Uganda, kumshikia rafiki yake duka mpaka wikendi. Kiarie akaenda na dadu mfukoni. Huko nako aliulizwa kwao ni wapi, na afisa wa upande wa pili, na mama wa chapati. Alipokuwa akirudi alikuwa amekata shauri. Atairudisha dadu ya watu, aseme kazi imekuwa nyingi, aachane nao. Mtu hawezi kulilia kiti.

Jumapili akasimama mlangoni kwa Nasambu, dadu mkononi, maneno tayari. Wote watatu walikuwa wameinama mezani. Mara hiyo ramani ilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuiona, chaki imefika mpaka kingo, vijiji, vivuko, njia zilizochorwa na kukatwa msalaba. Vifungo vya wenzake vilikuwa vimetawanyika huku na huku. Mbele ya kiti kibovu kilikuwa kile cha kahawia, pembeni kabisa, nje ya chaki yote.

"Kialie!" Wangila akaruka. "Wewe bana! Ulikuwa wapi?"

"Kazi," Kiarie akasema. Macho yalikuwa kwenye ramani. "Mnacheza nini?"

"Tunakutafuta," Chepngeno akasema.

Hakuelewa.

"Kagwe," Nasambu akasema. "Mtu wako mpya. Wiki iliyopita hukuja, na hakuna mwenye namba yako. Chepngeno alipita dukani kwako Jumanne, mwenye duka akasema umesafiri. Namba yako akakataa kumpa bila ruhusa yako. Akamuuliza unalala wapi, hajui. Mtu umemfanyia kazi miezi yote hiyo! Sasa tungefanya nini? Wangila alikuwa ameshasema angalau tukutafute hapa. Tulikutafuta Jumapili iliyopita nzima, na leo tena. Tumeacha ile pango. Tumeacha mjane na mbuzi zake."

"Tumeuliza kila kijiji," Wangila akasema, akimwonyesha misalaba kwa kidole chenye mafuta. "Mimi nimevuka huu mto mala mbili, dadu ikanikataa, nikapoteza punda. Shida ni moja. Kila mahali wanatuuliza, huyo mtu wenu anatoka wapi? Tunakosa la kusema. Mtu utamtafuta aje kama hujui pa kuanzia?"

Kiarie alikuwa bado mlangoni. Aliitazama misalaba ile ya chaki, mmoja baada ya mwingine, mahali pote ambapo watu hawa walikuwa wameenda kumwulizia na yeye amekaa kitandani akiwahukumu, na akalia. Alilia wazi, mbele yao, hata hakujifuta. Hakuna aliyemcheka, hata Wangila.

Chepngeno akavuta kiti kibovu. Kiarie akaketi. Nasambu akachukua chaki, akangoja.

"Anatoka Matisi," Kiarie akasema.

"Matisi," Nasambu akarudia, akitafuta nafasi mezani. Hakuuliza kwao kabisa ni wapi. Akachora nyumba.

"Mlango wa bati la kijani. Mama yake huuza mboga pale nje." Akajirekebisha. "Alikuwa anauza. Sasa wamepanga watu wengine. Mkifika mtaambiwa alihama."

"Basi tutauliza alihamia wapi," Wangila akasema. "Si ndiyo kutafuta?"

Kiarie akakisukuma kifungo cha kahawia mpaka kwenye ile nyumba ya chaki. Kisha akautoa mkono mezani, akawatazama.

"Alihamia hapa Bungoma," akasema. "Ukishapita soko la ndizi, kuna lango jeusi. Mimi ni chumba cha mwisho. Mkija mgonge kwa nguvu."